Nilikataa Kushusha Hema la Keji

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena. Kabla sijaanza, naomba kiti. Ndiyo, chekeni tu. Mimi ambaye viti vyangu vimekaliwa na nusu ya Juba hii, leo nimeitwa mbele nishuhudie na naomba kiti cha kanisa. Nimechoka, ndugu zangu. Kumtumikia Mungu sijachoka, hapana, lakini miguu imechoka, mgongo umechoka, hata macho yamechoka kutazama. Asante kijana, Mungu akubariki. Basi nitashuhudia nikiwa nimekaa, na Mungu atasikia hivyo hivyo.

Wengi wenu mnanijua. Wasionijua, mimi ni Mama Keji, nakaa Nyakuron. Wazazi wangu walikimbia vita wakaenda Kitale, na huko ndiko nilikokulia, ndiko nilikookotea hiki Kiswahili. Nikichanganya mnisamehe, maana nimeshakaa Juba siku nyingi na Kiarabu cha hapa kimenikaa mdomoni. Kazi yangu ni kukodisha mahema. Mahema, viti vya plastiki, mikeka, masufuria makubwa, birika na glasi za chai. Harusi zipo, namshukuru Mungu, lakini tusidanganyane, ugali wangu unatoka kwenye bika, kwenye matanga ya watu. Mtu akifa, kabla majirani hawajamaliza kupiga nduru, simu yangu inalia. Kaka yangu Lado anapakia vyuma na turubai kwenye gari, mimi napakia masufuria, tunakwenda. Lado anasimamisha hema mbele, mimi nawasha moto nyuma, wafiwa wanakaa katikati yetu wanalia.

Ndugu zangu, mtu akichemsha chai nyuma ya bika kwa miaka niliyochemsha mimi, anasikia mahubiri kuliko askofu! Leo hema liko kwa hawa, padri anasema, tumwombee marehemu, yuko njiani, anatakaswa. Kesho hema liko kwa wale, mchungaji anasema, msilie, marehemu yuko juu anatutazama, anaimba na malaika. Keshokutwa liko kwa wengine, mzee wa kanisa anafungua Maandiko na kusema, jamani msidanganywe, marehemu amelala, haoni, hasikii, mpaka tarumbeta ilie. Na shangazi mmoja lazima atakuwa kwenye kona ananong'ona kwamba marehemu yuko hapa hapa uani, mmwagieni maji kidogo asikasirike. Mimi natia sukari. Niliitikia amina kote. Kwa nini nigombane na mtu? Chai ni ile ile.

Basi nilikuwa na mtoto mmoja, Keji. Wa kwanza na wa mwisho. Alikuwa msichana mkubwa tayari, mrefu, mwenye maneno kama mimi, na kazi yake ilikuwa kuosha glasi. Aliichukia hiyo kazi! Glasi za bika haziishi, mnajua, watu wakifiwa wanakunywa chai kama wamelipwa. Keji alikuwa ameniacha kwenye mambo ya kanisa. Mimi niko hapa kwenu, yeye alikuwa anasali kule mtaa wa Hai Cinema, kwa wale wanaofundisha kwamba wafu wamelala. Hatukugombana. Tulitaniana tu juu ya beseni la maji.

Alikuwa ananiambia, "Mama, wewe ukifa utakwenda moja kwa moja kuimba kwaya. Mimi nikifa nitalala. Nimechoka na glasi zako."

Namwambia, "Lala tu. Mimi nikifika mbinguni nitakuja kukuamsha, glasi zimejaa."

Anacheka mpaka povu linamwingia puani. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yetu.

Halafu malaria ikampanda kichwani. Sitawapeleka huko hospitali, ndugu zangu, sina nguvu za kurudi. Watu wa pale walihangaika naye, walifanya walichoweza, na Mungu awalipe. Mtoto aliingia akizungumza, tukatoka naye amefunikwa. Ya Rab! Hata leo nikipita ile njia naangalia upande mwingine.

Lado alisimamisha hema nyumbani kwetu. Alichagua lile la bluu, jipya kuliko yote, lile ambalo kwa kawaida tunaliweka kwa ajili ya harusi. Hakuniuliza, na mimi sikumuuliza. Majirani wakaleta maji na makaa na sukari, wanawake wengine wakashika birika zangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakaa upande wa mikeka.

Siku ya maziko walisimama wote wawili. Mchungaji wetu, uko hapo mbele, usinikasirikie, nasema ukweli tu. Mchungaji wetu akasema roho humtoka mtu kama mwenye nyumba anavyotoka mlangoni, na saa hiyo hiyo Keji yuko mikononi mwa Bwana, macho, mwenye furaha, kama yule mwizi wa msalabani aliyeahidiwa siku ile ile. Watu wakasema amina. Akasimama mzee wa kanisa la Keji, mtu mpole mwenye koti zito katika joto lile, akasema yeye ndiye aliyemfundisha Keji, na Keji mwenyewe aliamini amelala. Akasema mtu hana roho kama anavyo shati la kuvua, mtu ni roho mzima mzima, na pumzi ikirudi kwa Mungu, mtu analala mikononi mwa Bwana. Akasema hata Lazaro alipotoka kaburini hakusimulia habari za malaika. Watu wa kwao wakasema amina. Mchungaji akarudi akasimama kidogo kusahihisha. Mzee naye akasimama kidogo kusahihisha. Wote wawili walizungumza kwa heshima, sisemi vibaya. Lakini mimi nilikuwa pale chini kwenye mkeka, mtoto wangu yuko kwenye sanduku, nao wanapeana zamu.

Hapo ndipo swali lilipoingia. Yuko wapi? Sikuuliza habari za siku ya mwisho. Siku ya mwisho nilikuwa naiamini na bado naiamini. Nilikuwa nauliza sasa. Saa hii nikiwa nimeketi hapa na jua linawaka, Keji yupo au hayupo? Kama yuko macho, anaona mama yake alivyo? Kama analala, basi hata mimi hanikumbuki, mtoto niliyembeba? Miaka yote nilikuwa naitikia amina kwa majibu yote, na siku nilipohitaji jibu moja tu, sikuwa nalo hata moja.

Na sikulia, ndugu zangu. Hilo ndilo lilikuwa jambo baya. Mnajua bika ya kwetu, mtu anaingia akilia, na mama mwenye msiba ndiye anayelia kuliko wote. Mimi nilikaa kama gogo. Nilisikia wanawake wakinong'ona. Mmoja alisema nina moyo mgumu, mwingine akasema mwache, amechanganyikiwa. Wote walikosea. Nilikuwa nashindwa kulia kwa sababu sikujua nalia nini. Mtu aliyesafiri unamlilia kwa namna yake, na mtu aliyekwisha kabisa unamlilia kwa namna nyingine. Mimi nilikuwa nasubiri kuambiwa.

Siku za msiba zikaisha. Watu wakasali sala ya mwisho, mikeka ikakung'utwa, majivu yakazolewa. Lado akaja na funguo zake za kufungulia vyuma vya hema.

Nikamwambia, "Acha."

Akasema, "Dada, kalas, bika imekwisha. Kuna watu Hai Amarat wanalitaka hema hili."

Nikasema, "Wape lingine. Hema la Keji halishuki mpaka mtu aniambie mtoto wangu yuko wapi."

Lado ni mtu wa maneno machache. Alinitazama, akarudisha funguo mfukoni, akaenda.

Basi hema likabaki. Mnajua Juba, hema likisimama uani maana yake ni moja tu, hapa kuna mtu amekufa. Kwa hiyo watu hawakuacha kuja! Mtu wa boda anapita, anaona hema, anazima pikipiki, anavua kofia, anaingia. Mama anatoka sokoni, anaona hema, anatua mzigo, anapiga nduru. Na kwa adabu ya bika haulizwi mtu wewe ni nani, wala yeye haulizi amekufa nani. Anakaa, anainamisha kichwa, anakunywa chai, anatoa pole, malesh, malesh, anakwenda. Mimi nachemsha chai tena. Mwenye bika na mpika chai nimekuwa mtu mmoja. Majirani walianza kunikwepa. Mvua za kwanza zikanyesha, turubai likajaa maji tumboni, nikalisukuma kwa ufagio maji yakanimwagikia, nikaketi nikiwa nimelowa.

Kila aliyeingia nilimuuliza lile swali. Watu wa Mungu, kila mtu ana jibu! Hakuna aliyesema sijui. Huyu anasema yuko peponi, yule anasema yuko usingizini, jirani yangu anasema tutoe misa. Mmoja alisema ameota ndoto akamwona Keji amevaa gauni jeupe, na Keji alikuwa hapendi nguo nyeupe hata kidogo. Nilichoka kusikia. Kusali pia niliacha. Nilikuwa napiga magoti, nasema, Bwana, yuko wapi, halafu usingizi unanichukua pale pale na paji la uso liko sakafuni. Kanisani sikuja, mnakumbuka. Mlinitumia watu, nikawapa chai, nikawauliza, wakajibu, wakaenda.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo Mungu alipopita.

Asubuhi moja, jua limeshachomoza vizuri, akaingia mwanamke nisiyemjua. Mnene kiasi, kitenge kimepauka, kikapu kichwani, mfuko wa sukari mkononi. Alianza kulia tangu njiani! Aliingia na ile nduru ya watu wa Uganda, akatua kikapu, kumbe ni matoke, akajitupa kwenye mkeka mbele yangu, akanishika magoti.

"Banange! Banange, rafiki yangu! Umeniacha na nani kwa hii Juba?"

Nikashtuka. Rafiki! Huyu anamjua Keji! Nikamshika mkono.

Akaendelea kulia. "Mimi nilikuja hapa sijui mutu, sina kitu! Nani alinipa nafasi kando yake? Ni wewe! Nani alibeba mutoto yangu nikiugua? Ni wewe! Watu wote walisema, fukuza huyu, wewe ukasema, wacha akae!"

Ndugu zangu, nikasogea karibu naye. Keji alikuwa na tabia ya kufanya wema wa kimya kimya. Angeweza kumpa mtu viatu vyake akarudi nyumbani pekupeku akaniambia vimekatika. Nikasema moyoni, kumbe mtoto wangu alikuwa na maisha mengine hata mimi sikuyajua. Nikawa nakunywa maneno ya yule mama kama maji. Nilitaka aendelee mpaka jioni.

Naye akaendelea. "Kila siku ulikuwa unanigawia chakula yako! Na mikono yako hiyo myeusi ya makaa!"

Makaa? Nikasema labda ni makaa ya jiko la chai.

"Na sasa hao wajukuu yako saba, nani itapikia?"

Nikauachia mkono wake. "Mama, wajukuu gani?"

Akaacha kulia. Akanitazama, akatazama hema, akatazama viti vitupu. "Hii si bika ya Mama Foni? Mama Foni wa makaa?"

"Hapana. Hii ni bika ya mtoto wangu, Keji."

"Wee! Mimi iko nalia mutu mwingine?"

Alikasirika, jamani! Alikasirika kwelikweli, kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia machozi. Alisema ameelekezwa apite kituo cha utamaduni, aingie ndani, ataona watu wa msiba. Ameona hema, ameingia. Angejuaje? Ametembea tangu soko la Konyo Konyo na matoke kichwani, amelia nguvu zote zimeisha, na bado hajafika! Alivua kandambili akaanza kukanda mguu wake huku akilalamika. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka mpaka nikaegemea mlingoti wa hema. Tangu Keji afe sikuwa nimecheka. Yule mama akanitazama kwa jicho baya, halafu na yeye akaanza kucheka, tukabaki tunacheka wanawake wawili chini ya hema la msiba. Aliyepita njiani wakati ule sijui alifikiri nini.

Nikampa chai. Akaniambia anaitwa Nalongo, mama wa mapacha, anauza matoke sokoni, na huyo Mama Foni alikuwa muuza makaa wa meza ya pili kutoka kwake. Akauliza, "Na huyu yako, ni mutoto ya namna gani?" Nikamweleza. Nilimweleza habari za glasi, na povu la puani, na malaria. Alisikiliza, kisha akaweka glasi chini, akajifuta mdomo, akasema, "Ngoja sasa nilie yake." Akamlilia Keji. Kidogo tu, maana alikuwa amechoka, lakini alimtaja kwa jina.

Alipomaliza nikamuuliza. Nilikuwa nimeshazoea kuuliza, lilitoka tu. "Nalongo, mtoto wangu yuko wapi sasa?"

Akasema, "Mimi sijui."

Mtu wa kwanza! Mtu wa kwanza kuniambia hajui!

"Mimi nauza matoke, mama. Hiyo mambo ya roho, uliza pasta. Lakini wewe angalia. Mimi nimelia asubuhi yote kwa hema yako. Unafikiri Mungu amesema, aa, hii machozi ni ya Keji? Hapana! Yeye iko najua mimi nalilia Mama Foni. Mama Foni hajapotea. Nani amepotea? Ni mimi! Mimi ndiyo sijui njia!" Akavaa kandambili. "Sasa simama, nionyeshe hiyo njia. Jua inapanda."

Ndugu zangu, yule mama hakuwa anahubiri. Alikuwa na hasira ya miguu. Alitaka kuelekezwa tu. Lakini neno lilinipata, likanikalisha chini. Mama Foni hajapotea, mimi ndiye nimepotea. Siku zote zile nilikuwa nasema mtoto wangu amepotea, mtoto wangu sijui yuko wapi, kana kwamba kwa sababu mimi sijui, basi hakuna anayejua! Kana kwamba Keji yuko gizani anatangatanga mpaka mama yake apate jibu sahihi. Aliyepotea ni mimi, Mama Keji, nimeketi chini ya turubai na ufagio mkononi.

Na hapo, watu wa Mungu, nikakumbuka siku ya maziko. Nikawasikia tena wale wawili. Mchungaji wetu alisema Keji yuko mikononi mwa Bwana, macho yamefunguka. Yule mzee wa koti alisema Keji yuko mikononi mwa Bwana, macho yamefumba. Walibishana juu ya macho yake. Juu ya mikono hawakubishana hata kidogo! Nilikuwa pale, masikio yangu yako wazi, na sikusikia! Nilishika mahali walipoachana nikaacha mahali walipokutana. Mikono ni ile ile! Kama amelala, amelala kwa mtu. Mimi nilimlaza Keji utotoni mara nyingi, na alipolala hakuwa amepotea kwangu, nilikuwa namtazama akipumua. Kama yuko macho, basi anamwona huyo aliyemshika. Kwa vyovyote hayuko peke yake. Haleluya!

Nikamwita Lado kwa simu. Nikamwambia neno moja, "Njoo na funguo." Alikuja haraka, nadhani hakuwa mbali, nadhani alikuwa anasubiri hilo neno kila siku. Tukalegeza kamba, tukakunja turubai la bluu, lilikuwa zito kwa maji na vumbi. Nalongo alisimama na kikapu chake akituharakisha kama vile yeye ndiye mwenye mali. Hema liliposhuka uwanja wangu ukawa mkubwa, jua likaingia hadi mlangoni. Nilisikia uchungu, sitaficha. Nilitaka kumwambia Lado alisimamishe tena. Nikambebea vyuma hadi garini.

Tukapanda gari wote watatu na vyuma nyuma, tukatafuta bika ya Mama Foni. Haikuwa mbali, ni vichochoro viwili vitatu tu kutoka kwangu, Nalongo alikuwa amekunja kona mapema. Na tulipofika, ndugu zangu, hapakuwa na hema. Familia haikuwa na uwezo. Wamefunga karatasi ya plastiki ukutani, kivuli cha kutosha watu watano, wengine wote wako juani, wanawake wamejitanda vitenge kichwani, wale wajukuu saba wamekaa kwenye mstari mmoja chini ya ukuta. Ndiyo maana Nalongo alipotea. Alikuwa anatafuta msiba wenye hema.

Lado hakuniuliza. Alianza kushusha vyuma, na vijana wa pale wakamsaidia. Hema la Keji likasimama kwa Mama Foni.

Sasa bika huingii kama unaingia dukani, mnajua. Unaingia ukilia. Nalongo akatangulia na nduru yake, na mimi nyuma yake nikafungua mdomo kwa adabu tu, nilie kidogo kama mgeni. Ndugu zangu! Kilichotoka sikukijua. Nililia! Nililia nikaanguka juu ya mkeka wa watu nisiowajua. Nilimwita Keji kwa jina, nikamwita mtoto wangu, nikamwita mwosha glasi wangu, nikalia kwa ajili ya hospitali na sanduku na gauni jeupe alilokuwa halipendi. Kila kitu nilichokuwa nimekizuia kilitoka katika msiba wa muuza makaa ambaye sikuwahi hata kununua makaa yake.

Binti mmoja wa Mama Foni akaja akanikumbatia. Akaniambia, "Malesh, ya mama, malesh. Ulikuwa ukimpenda sana mama yetu." Nikamkumbatia na mimi, nikazidi kulia.

Nikamsikia Nalongo kando yangu akimwambia, "Mwache alie. Mungu najua hii machozi iko ya nani."

Basi, ndugu zangu, huo ndio ushuhuda wangu. Mtauliza, Mama Keji, sasa umepata jibu, amelala au yuko macho? Sijapata. Mchungaji ataendelea kufundisha, nami nitasikiliza, na nitaitikia amina, safari hii nikijua naitikia nini. Huzuni haijaisha, jamani, msidanganyike na watu wanaoshuhudia kwamba iliisha. Bado nachoka. Bado naosha glasi na kutazama upande wa beseni. Lakini nalala, na nikipiga magoti nina la kusema. Nasema, Bwana, wewe unajua aliko, mtunze. Halafu nasema, mimi je, nionyeshe njia, jua linapanda.

Namshukuru Mungu aliyeniletea mwanamke aliyekosea kona. Namshukuru Lado, hayupo, yuko kazini. Nawashukuru ninyi mliotumwa kwangu, mkanywa chai yangu na kunivumilia. Na kama kuna mtu hapa ana wake, mtoto, mume, mama aliyebaki vitani hata kaburi hakuna, na hujui yuko wapi, nakusihi umkabidhi Yesu leo. Usingoje mpaka uelewe. Mimi nilingoja nikalowa mvua. Mtu wako hajapotea.

Hema la bluu leo liko Hai Cinema, kuna mama amefiwa na mumewe jana. Mkitoka hapa, anayepita njia ile ataliona. Usiulize ni nani. Ingia, kaa kwenye mkeka, na kama una wako hujamlilia, mlilie pale pale. Bwana anajua unamlilia nani. Asifiwe huyo, sasa na siku zote! Naomba mtu anishike mkono, nisimame.